Leso Mbili kwa Filamu Moja Mbovu

Vijana wa siku hizi mnaoonyesha sinema kwa kubonyeza kitufe kisha mnakwenda zenu kunywa kahawa, sina ugomvi nanyi. Ningekuwa na kitufe chenu, na mimi ningekwenda kunywa kahawa. Lakini mmeniuliza kazi yetu ilikuwaje, na anayemuuliza mstaafu swali la namna hiyo ajue amejitakia.

Mimi ni Masanja. Nilizaliwa Mwanza, nimezeekea Brussels, na katikati ya hapo nilikaa miaka ishirini na sita ndani ya kibanda cha kuonyeshea sinema, kibanda chenye upana wa kitanda, na vitundu viwili ukutani vya kuchungulia ukumbini. Ukumbi wetu ulikuwa mtaa wa Saint-Gilles, dakika nne kwa miguu kutoka stesheni ya treni ya Gare du Midi. Mvua ikinyesha, dakika mbili.

Nianze na mashine, maana bila mashine hamtanielewa. Filamu ilikuja kwa vipande, kila kipande kimezungushwa kwenye gurudumu lake, dakika ishirini hivi. Filamu ya saa tatu ilikuwa magurudumu tisa. Tulikuwa na mashine mbili zimesimama bega kwa bega. Ya kwanza inaonyesha, ya pili unaivalisha gurudumu linalofuata, unangoja. Kipande kikikaribia kwisha, kidoa kidogo kinatokea juu kulia kwenye picha. Ukipepesa macho, umekikosa. Hicho kinakuambia: washa mota. Baada ya sekunde saba hivi kinatokea cha pili: badilisha. Ukibadilisha sawasawa, watu waliokaa chini hawajui hata kama upo duniani. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yetu, kutojulikana kama tupo.

Aliyenifundisha alikuwa Monsieur Lucien, Mbelgiji mzee, mfupi, mwenye suruali iliyofungwa kwa mikanda miwili ya mabegani na wa tatu kiunoni, kwa usalama. Alinivisha glovu ya pamba, akaniambia nifumbe macho, na akapitisha filamu nzima katikati ya vidole vyangu, mita baada ya mita. "Ukihisi kitu kimekukwaruza, simama. Hapo ndipo itakapokatika Jumamosi mbele ya watu." Mpaka leo nikishika pindo la shuka nalikagua kwa vidole.

Wiki yangu ya pili nilivalisha gurudumu kinyume. Mwisho ukawa mwanzo, juu ikawa chini. Kwenye skrini bwana mmoja akawa anatembea kinyumenyume, miguu hewani, anatoa supu mdomoni na kuirudisha kwenye bakuli kijiko kwa kijiko. Mimi nilikuwa nakula mkate, sikuona. Monsieur Lucien akachungulia kwenye kitundu, akatazama kwa muda, akasema taratibu kabisa, "Masanja, kuna watu kumi na wawili mle ndani. Tisa bado hawajagundua. Fanya haraka."

Basi nilijifunza. Mjue kwamba, mpaka kufika miaka ya tisini, Lucien alipokwisha kustaafu na kibanda kuwa changu peke yangu, nilikuwa fundi kweli. Ndiyo maana kosa ninalotaka kuwasimulia halikuwa kosa la mikono.

Mwenye ukumbi alikuwa Madame Ghislaine, mjane aliyeurithi kwa mumewe pamoja na madeni ya paa. Siku moja akanipandia kibandani, jambo alilolifanya mara chache kwa sababu ya magoti.

"Monsieur Masanja, kwenye onyesho la Jumatano walikuja watu watano. Mmoja ni dada yangu. Kuna bwana anataka ukumbi huu auzie mazulia."

"Nipe Jumapili moja, Madame," nikamwambia. "Nitaleta filamu ya Kihindi. Wakongo wanaozijua filamu hizo wamejaa mji huu. Wamekulia nazo kwao."

"Wewe unazijua?"

Nikacheka. Mwanza nilikua nyuma ya jengo la sinema la Wahindi. Kwa kusikiliza ukutani nilijua maneno thelathini ya Kihindi: moyo, mama, maji, mapenzi, kisasi, na mengine ya kuagiza chakula. Nikamwambia, "Madame, ukumbi utalia."

"Jumapili moja," akasema. "Usipojaa, Jumatatu nampigia bwana wa mazulia."

Filamu niliiagiza kwa simu kutoka kwa mtu mmoja wa London. Nikamuuliza, "Ni ya mapenzi?" Akasema ni ya mapenzi. "Inaliza?" Akasema, "Inategemea na mtu." Hapo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka, kwa kuwa akili yangu haikuwa kwenye filamu. Akili yangu ilikuwa Jette, mtaa wa upande mwingine wa mji.

Jette kulikuwa na Maman Espérance. Alikuwa mjane kutoka Bukavu, mwenye miaka arobaini na mbili, msaidizi wa wagonjwa katika ile hospitali kubwa ya chuo kikuu, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Wakongo, na mwenye kicheko kinachotangulia kichekesho. Nilimfahamu miaka minne. Katika miaka minne hiyo nilikuwa nimepanga kumwambia jambo, na jambo lenyewe nilikuwa nalo tayari, limekaa vizuri kichwani kwa Kiswahili safi. Nikifika mbele yake linageuka kuwa habari za hali ya hewa. Nikajiambia: nikimwonyesha filamu ya mapenzi, kubwa, ukutani, akalia kidogo, huenda mambo yakawa mepesi.

Nikamkuta kituo cha tramu. Nikamwambia.

"Papa Masanja, ile filme iko ya kulia kweli?" akaniuliza. "Ju kule Bukavu tulikuwa tunaliaka mupaka nguo inalowana."

"Maman Espérance," nikasema, nami sijaona hata picha moja ya filamu hiyo, "leta leso mbili."

Hayo ndiyo makosa yangu, vijana. Nilisema leso mbili. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Espérance akasimama mbele ya kanisa zima na kutangaza. Kila mtu aje, na kila mtu aje na leso mbili, Papa Masanja amesema.

Masanduku ya bati yalifika Ijumaa mchana. Nikavaa glovu, nikapitisha magurudumu yote tisa vidoleni. Mahali pote palipoungwa palikuwa pazima. Kwenye gurudumu la kwanza nikainua kipande kidogo kuelekea kwenye taa, nikaona chini ya picha kuna maandishi ya Kiingereza. Nikafurahi. Kiingereza nasoma. Tulikuwa na maikrofoni kibandani ya kuwaambia watu waliozuia mlango kwa magari yao. Nitakaa nayo, nitasoma maandishi, nitawatafsiria kwa Kiswahili. Nani mwingine Brussels angefanya hivyo?

Monsieur Lucien alikuwa na sheria moja kubwa kuliko ya vidole: iangalie filamu peke yako, mwanzo hadi mwisho, kabla hujamwambia mtu neno lolote juu yake. Ijumaa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuiangalia. Badala yake nilikwenda kupiga pasi shati.

Jumapili saa nane mchana ukumbi ulijaa mpaka Madame Ghislaine akatoa viti vyake vya jikoni. Kina mama wa Kivu katika vitenge vya kanisani, wanafunzi wa Lubumbashi, wazee katika suti. Nikachungulia. Espérance alikuwa safu ya tatu. Kulia kwake alikaa mfanyakazi mwenzake wa hospitali, nesi kutoka Morisi anayeitwa Anjali, mwanamke mpole mwenye miwani, aliyeokota Kiswahili kwa Wakongo wa wodini. Nyuma yao alikaa Papa Faustin, aliyeimba besi kwenye kwaya na ambaye hakuwahi kunong'ona maishani mwake. Kila mtu alikuwa na leso mbili mapajani. Kutoka juu walionekana kama wanangoja kuletewa chakula.

Taa zikazimika. Nikashika maikrofoni.

Jina la filamu hiyo nitalificha, maana walioitengeneza huenda wana wajukuu. Hadithi yake ni hii. Kijana mhandisi anajenga daraja. Anamwona mwalimu wa muziki, jina lake Sunita, kwenye kituo cha treni. Anampenda. Anakwenda kwa baba yake mwenyewe kumwambia. Sote tukajiandaa, maana hapo ndipo baba anapokataa. Baba akamkumbatia, akasema, vizuri sana, mwanangu. Mama akafurahi. Baba ya Sunita akafurahi. Shangazi, ambaye kwa sura yake tulidhani ni mchawi, akafurahi kuliko wote. Kilichobaki ni kijana kwenda kumwambia Sunita mwenyewe. Akaenda dirishani, akatazama mvua. Maandishi ya Kiingereza yakaja, nikatafsiri: "Acha nifikirie."

Akafikiri gurudumu la pili lote.

Sinema ya Kihindi niijuayo ina ngumi, ina ndugu waliopoteana, ina nyimbo saba. Hii ilikuwa na wimbo mmoja, na kijana aliuimba akiwa amekaa. Kwenye gurudumu la tatu alikutana na Sunita sokoni, wakatazamana, akafungua mdomo, akanunua vitunguu, akaondoka.

"Sema basi!" Papa Faustin akalipuka. "Kunani? Nani anamukatalia? Hakuna muntu anamukatalia!"

"Baba amekubali, mama amekubali," mwingine akadakia. "Huyu iko nafikiri nini tena?"

"Acha nifikirie," nikatafsiri, maana ndivyo ilivyoandikwa.

Ukumbi mzima ukaguna. Na sauti niliyoijua, ya safu ya tatu, ikapaa juu ya zote: "Ee Mungu wangu! Mwanaume wa namna gani huyu? Sunita, toka pale, enda kwa mwingine!"

Nikaisogeza maikrofoni mbali na mdomo. Nilijua fika kwamba yule kijana wa kwenye skrini na mimi tulikuwa na ugonjwa mmoja.

Gurudumu la nne, mzee mmoja akalala na leso zote mbili usoni. Madame Ghislaine akafungua mlango wa nyuma, akasikiliza zile kelele, akafunga. Niliona mazulia.

Kisha nikabadilisha kwenda gurudumu la tano, vizuri kabisa, nikarudi kwenye kitundu, nikatazama chini ya picha. Hakuna maandishi. Nikafuta miwani. Hakuna. Yule bwana wa London alikuwa ameunga magurudumu manne ya nakala moja na matano ya nakala nyingine. Kijana na mama yake wanaongea Kihindi tupu, watu zaidi ya mia wananyamaza kunisubiri, na mimi nina maneno thelathini, kumi kati ya hayo ya kuagiza chakula.

Ningeweza kusema ukweli. Nawaambia ninyi sasa ambao bado mko kazini: ningeweza kusema, jamani, maandishi yameisha, tutazame hivyo hivyo. Badala yake nikasikia neno "bhai", ambalo najua ni ndugu, na nikamwona mama anafuta macho. Nikasema kwa sauti nzito:

"Mwanangu, sasa wakati umefika ujue. Mdogo wako alizama mtoni, pale pale unapojenga daraja. Ndiyo maana huwezi kumwoa Sunita kabla daraja halijaisha. Uliapa."

Ukumbi ukatulia tuli. Halafu nikasikia, kwa mara ya kwanza siku hiyo, pua ikivutwa. Leso zikainuliwa. Mzee aliyelala akaamka akauliza nini kimetokea, akaelezwa, akaanza kulia. Anjali peke yake ndiye aliyegeuka akatazama juu kibandani kwa mshangao. Sikumjali. Nilidhani watu wa Morisi wanaongea Kifaransa tu.

Nikanogewa. Nikampa shangazi siri. Nikampa baba deni la damu. Gurudumu la sita likaanza, na mlango wa nyumba ukafunguka, na yule mdogo aliyezama akaingia, mkavu kabisa, anakula embe.

"Tonton!" Papa Faustin akaniita, kama vile mimi ni mjomba wake. "Yule si alikufa?"

"Ni pacha wake," nikasema.

"Na pacha anavaa shati ya marehemu?"

"Amerithi."

Kicheko kikasikika. Kilikuwa cha Anjali. Alikuwa ameinama, ameshika kiti cha mbele yake.

Kwenye gurudumu la saba daktari alikuja kumwona mama. Nikaanza, "Mama, nasikitika kukwambia, una ugonjwa wa," na kidoa kikatokea juu kulia. Nikatupa maikrofoni, nikaruka kwenye mashine ya pili, mota, sekunde saba, badilisha. Niliporudi nilikuwa nimesahau niliishia wapi, na chini nusu ya hospitali ya Jette ilikuwa inajadiliana.

"Iko figo. Angalia macho yake."

"Hapana, ni tension. Ona vile anapumua."

"Tonton, ni nini?"

"Tension, presha ya damu," nikasema.

"Nilisema!" aliyetaja tension akadakia, akapigiwa makofi. Dakika tatu baadaye mama mgonjwa akacheza kwenye harusi ya jirani, tena kwa kuruka, na msaidizi mmoja wa wagonjwa akasema kwa uchungu kwamba ndiyo maana watu hawaponi, hawasikii wanayoambiwa.

Ndivyo tulivyofika gurudumu la tisa. Sunita amechoka kungoja, anahama mji. Yumo ndani ya treni, dirishani. Kijana anakuja mbio kwenye kituo, anasimama chini ya dirisha. Muziki unakatika. Anamtazama. Anafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika saa tatu, anamwambia kitu. Yalikuwa maneno mawili. Sikuyajua hata moja.

Treni ikaondoka. Watu wote wakageuza shingo kidogo kuelekea spika ya ukutani. Niliona kisogo cha Espérance, kilemba cha kijani, kimya kinangoja.

Hapa lazima niwaeleze habari ya redio. Espérance alikuwa na redio ndogo iliyokuwa ikiharibika. Kwa kuwa mimi ni mtu wa mashine aliniita, nikapanda tramu hadi Jette na bisibisi, nikakuta waya umekatika, nikaunga. Baada ya miezi kadhaa ikaharibika tena, nikaenda tena. Mara tano kwa jumla. Kila mara alinipa chai, nikanywa, nikasema redio imepona, nikaaga. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu yote.

Sasa, kwenye maikrofoni, sikupanga. Nilimtazama yule mpumbavu aliyesimama kituoni na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Sunita," nikasema. "Miaka minne. Miaka minne napanda tramu mpaka mlangoni kwako na bisibisi mkononi. Redio yako nimeifungua mara tano. Sikuja kwa ajili ya redio. Redio ya mtu mwingine ningemwambia aitupe. Nakaa kwenye kiti kile chenye mguu mfupi, nakunywa chai, nakuangalia unavyocheka kabla sijamaliza kusema, na kila nikitoka natembea mpaka kituo cha pili kwa miguu kwenye baridi kwa sababu ninajitukana. Mimi si mtu wa maneno, Sunita. Nikiwa mbele yako nasema habari za mvua. Lakini usiende. Kama kuna mahali nataka kuzeekea ni pale, karibu na redio ile mbovu."

Nikavuta pumzi na kutazama skrini. Kijana alikuwa amefunga mdomo zamani. Treni ilikuwa imepotea. Mbwa mmoja alikatiza kituoni. Majina ya watengenezaji yalikuwa yanapanda.

Besi ya Papa Faustin ikasikika:

"Pardon. Donc kule India, iko tramu ya kwenda kwa Sunita?"

"Na redio?" mama mmoja akauliza. "Mbona hatukuonaka redio?"

"Ngoja," akasema mwingine, polepole, kama mtu anayejumlisha. "Maman Espérance si njo mwenye redio ya kuharibikaka kila siku?"

Vichwa vyote vikageuka kwa pamoja. Vingine kwa Espérance, vingine juu kwangu, kwenye kitundu. Espérance hakugeuka. Alikuwa ameinama, leso zote mbili usoni, mabega yanatikisika. Sikuweza kujua analia au anacheka. Nikawasha taa za ukumbi, nikazima maikrofoni, nikaketi sakafuni nyuma ya mashine, mahali ambapo kitundu hakifiki.

Nikaanza kurudisha filamu kwenye magurudumu yake, taratibu kuliko nilivyowahi kurudisha filamu yoyote. Nilikuwa nimejipa kazi ya mpaka watu wote waondoke. Hawakuondoka. Nilisikia kelele chini kama sokoni. Madame Ghislaine akapanda, magoti na yote.

"Monsieur Masanja, sielewi neno hata moja. Wamejaa mlangoni, wanapiga kelele, wengine wanacheka, wengine wanagombana juu ya kitu kinachoitwa 'figo'. Ni mafanikio au ni maafa?"

"Ni aibu, Madame."

"Wanauliza Jumapili ijayo kuna nini."

Nikamwambia sijui. Akanitazama nilivyokaa sakafuni na shati langu la pasi, akasema, "Basi tafuta," akashuka. Jumapili zile ziliendelea miaka mitatu mingine kabla mazulia hayajashinda, lakini hilo nililijua baadaye. Wakati huo nilijua tu kwamba kuna viatu vingine vinapanda ngazi ya chuma, na havikuwa vya Madame.

Espérance akasimama mlangoni. Kibanda kilikuwa kidogo, hakuweza kuingia bila mimi kusimama. Nikasimama.

"Papa Masanja," akasema. "Filme mubaya namna hii, miye sijaonaka. Bukavu sijaonaka, Bujumbura sijaonaka."

"Nisamehe, Maman."

"Leso mbili! Nimebebesha kanisa muzima leso mbili!"

"Nisamehe."

"Anjali anasikiaka Kihindi. Bibi yake alimufundisha. Unajua yule bwana alisema nini pale kwa treni?"

"Hapana."

"Alisema, 'Safari njema.'" Akainua vidole vitatu ili niumie vizuri. "Saa tatu, Papa Masanja. Kisha, 'Safari njema.'"

Nikashika gurudumu la nane, nikaendelea kulirudisha.

"Alors, redio," akasema. "Weye uko muntu wa mashini. Waya inakatika mahali pamoja, mara tano. Haukujiuliza?"

"Nilidhani ni waya wa ubora mdogo."

"Ubora mdogo!" Kicheko kikamtangulia, akakirudisha. "Niko na kamakasi ka kukata kucha. Njo miye nilikuwa ninaikata."

Vijana, nimeunganisha filamu zilizokatika mbele ya ukumbi uliojaa, kwa mikono iliyotulia kama meza. Hapo gurudumu nililoshika liliniponyoka, na filamu yake yote ikajifungua, ikashuka ngazi ya chuma moja baada ya nyingine, ikamwagika mpaka mlangoni kwa watu. Wakapiga makofi. Tukabaki tunaitazama, mimi na yeye, mita mia tano na zaidi za yule kijana akifikiri.

"Yale umesema kwa micro," akasema, "unaweza kuyasema bila micro?"

Nikayasema. Sikuyasema vizuri kama mara ya kwanza. Niliruka sehemu ya tramu, nikarudia ya chai mara mbili. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Bon," akasema. "Samedi unakuja Laeken kwa yaya yangu. Unamwambia yeye."

Yaya yake, kaka yake mkubwa, aliitwa Papa Zacharie, mwalimu wa hesabu wa zamani kutoka Bukavu. Jumamosi nilipanda ghorofa tatu nikiwa na shati lile lile na hotuba niliyoiandika kwenye karatasi. Alinifungulia mwenyewe, mrefu, mwembamba, sweta limefungwa vifungo vyote, akanionyesha kiti lakini hakuniambia nikae. Espérance alikuwa jikoni, nilisikia sufuria.

"Jumapili nilikuwa na grippe, sikukuja kwa ile filme," Papa Zacharie akaanza. "Lakini batu kumi na moja bamenipigia simu. Kila muntu ananiambia filme yake. Mumoja anasema muntu alizama. Mwingine anasema hakuzama, ni pacha. Weye ndiye ulikuwa pale juu. Niambie: ilikuwa filme muzuri?"

Nilikuwa na hotuba mkononi. Ningeweza kumwambia kwamba ilikuwa nzuri ila haikueleweka.

"Papa, ilikuwa mbovu tangu dakika ya kwanza," nikasema. "Na mimi niliwaambia watu ni nzuri kabla sijaiona."

"Ile yenyewe inasema nini? Kwa kifupi."

"Mwanamume anampenda mwanamke. Hakuna anayemkataza. Na hasemi."

"Kwa muda gani?"

"Saa tatu."

"Saa tatu!" Akatikisa kichwa kwa huzuni ya mwalimu aliyeona daftari chafu. Kisha akaniangalia kutoka viatuni hadi usoni. "Na weye, kwa dada yangu, miaka ngapi?"

"Minne, Papa."

Akafikiri. Hesabu ilimchukua muda mfupi tu.

"Basi ya kwako ni mubaya zaidi," akasema. "Kaa, tukule."

Nikakaa. Espérance akatoka jikoni na bugali na sombe, kisamvu cha kwao, akaweka sahani mezani, akavuta kiti, akaja kukaa upande wangu.